Chini ya Pikapu ya Leland

Boneti ilikuwa ya baridi. Nadine Pruett aliiwekea kiganja, akasubiri kidogo, akakitoa kikiwa kimelowa umande. Umande wenyewe ulikuwa mzima, haujaguswa na mkono wala mkia wa paka. Pikapu hii haikuwa imewashwa tangu jana.

"Unaipapasa ya nini?" Twyla alimuuliza nyuma yake. "Nimeshakwambia ni ya baba."

"Naiuliza imelala wapi."

"Imelala hapa! Si ndio shida yenyewe?"

Ilikuwa Jumapili, saa moja na dakika kumi asubuhi, ufuko wa Goforth, mwisho wa chini wa Hifadhi ya Jimbo ya Tarwater. Mto ulikuwa umepanda usiku. Jana maji yalikuwa ya kijani, unaona mpaka kokoto za chini. Leo yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yanakokota matawi. Nadine alikuwa askari wa hifadhi kwa mwaka wa ishirini na sita, na miaka yote hiyo hakuwahi kusema mtu amezama mpaka mto wenyewe umwambie.

Twyla Maddox alikuwa mpishi wa shule, miaka thelathini na kitu. Asubuhi hii alivaa sweta la kulalia na buti zisizofungwa kamba.

"Nieleze tena, mdogo wangu," Nadine alisema. "Polepole. Jifanye mimi mjinga."

"Baba na baba mkubwa Orval wameshuka mto jana, kama kila mwaka. Jumamosi ya kwanza ya Juni. Wakaacha pikapu ya baba hapa, wakaufunga mtumbwi juu ya gari la baba mkubwa, wakaenda nalo mpaka ufuko wa Sims. Wakaliacha kule juu, wakashuka na maji. Maili kumi na moja. Wakifika hapa wanapanda pikapu, wanalifuata gari la juu. Si unajua?"

Nadine alijua. Kila mwenye mtumbwi hufanya hivyo: gari moja juu, gari moja chini, mto katikati.

"Walitakiwa kufika saa ngapi?"

"Saa kumi jioni. Mimi nikajua wamerudi kambini, wamelala kwenye hema. Leo alfajiri Mzee Otis wa pale kambini kanipigia. Hema tupu, godoro kavu, nyama haijaguswa." Akapiga kioo cha pikapu kwa kidole. "Na ona kile."

Nadine alichungulia. Juu ya dashibodi kulikuwa na kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku. Chumba cha Jumamosi kilikuwa wazi na kitupu. Cha Jumapili kilikuwa kimefungwa.

"Dawa ya moyo. Saa mbili kila asubuhi. Mwaka jana aliikosa siku moja tu, akaanguka kanisani katikati ya wimbo. Watu wakapiga makofi, wakadhani ameshukiwa na Roho."

Nadine hakucheka. Alitazama saa yake. Zilibaki dakika arobaini na tano.

"Funguo ya akiba iko wapi?"

"Ndani ya pikapu."

"Ya nini ndani ya pikapu?"

"Ili isipotee," Twyla alisema, kisha akajisikia mwenyewe, akafumba macho.

Gari la sherifu likaja kwa kasi, likirusha matope. Akashuka Cord Hatcher, naibu wa sherifu, miaka ishirini na saba, donati mdomoni na daftari jipya mkononi.

"Mama Pruett, nina habari mbaya na nina habari mbaya zaidi. Nianze na ipi?"

"Anza na kumeza."

Akameza. "Mvuvi ameuona mtumbwi wao. Nusu maili chini ya hapa, umepinduka, umekwama kwenye mizizi. Hamna mtu."

Twyla akakaa kwenye bampa ya pikapu.

"Na ile nyingine?"

"Nimetoka Sims sasa hivi. Gari la Orval halipo." Hatcher alishusha sauti, lakini kwa namna ya mtu anayetaka asikike. "Mtumbwi umepinduka. Mmoja hajulikani alipo, mwingine kaondoka na gari. Hesabu hii haihitaji kalamu."

"We!" Twyla aliinuka. "Unasema baba mkubwa kamuua baba?"

"Sisemi, dada. Nafuata ushahidi." Akafungua buti ya gari lake. Ndani kulikuwa na mifuko ya plastiki yenye namba: fimbo mbili za kuvulia, kamba, na kisu. "Nimevichukua hemani kwao. Kisu kina damu."

Nadine aliinama akakitazama bila kukigusa. "Kina magamba pia."

"Itapimwa."

"Pima, mwanangu. Utamkuta kambare."

Sauti ndogo ya mota ikasikika nyuma ya miti, na kigari cha umeme kikatokea kikiyumba kwenye mashimo. Alikuwa Mzee Otis Fenner, mstaafu anayeishi kambini kwenye trela tangu Aprili mpaka Oktoba, kazi yake kuuza kuni, kugawa karatasi za choo na kujua mambo ya watu. Alikuwa na chupa ya kahawa kati ya mapaja.

"Mmeshawapata?"

"Bado. Mzee Otis, ulisikia chochote kwao?"

"Mimi sisikilizi ya watu."

"Najua husikilizi. Ulisikia nini?"

Otis akajimiminia kahawa kwanza. "Ijumaa jioni waligombana. Ugomvi wa kweli. Mpaka wale wa hema la jirani wakazima redio ili wasikie vizuri. Orval akasema, 'Nakuapia Leland, mwaka huu nakutosa mtoni.'"

Hatcher alikuwa ameshaanza kuandika. "Rudia neno kwa neno."

"Mwaka huu nakutosa mtoni."

"Waligombania nini?" Nadine aliuliza.

"Kiti cha nyuma. Anayekaa nyuma ndiye nahodha, si unajua, na Leland hataki kukaa mbele kama mzigo. Na Orval akimpa nyuma, mtumbwi unagonga kila jiwe lililoumbwa na Mungu."

"Na mwaka jana, Orval alisemaje?"

Otis akafikiri. "Mwaka jana alisema, 'Mwaka huu nakutosa mtoni.'"

"Na mwaka juzi?"

"Mwaka juzi nilikuwa nimefanyiwa upasuaji wa goti."

"Mbona hukumwambia Hatcher kwamba ni wimbo wa kila mwaka?"

"Hakuuliza. Aliuliza kama nimesikia tishio. Nimesikia."

Hatcher alikata mstari mmoja daftarini, si kwa furaha. "Lakini gari halipo," alisema. "Hilo hamwezi kulikata."

"Hilo halikatiki," Nadine alikubali. Akatazama saa. Moja na nusu imepita. "Kwanza nataka vile vidonge. Popote tutakapompata huyu mzee, atavihitaji kabla ya mahojiano yako."

Akaenda kwenye gari lake, akarudi na kabari ya mbao na chuma kirefu chembamba kilichopinda ncha. Vitu hivyo havikutoka ofisini. Alivinunua mwenyewe mwaka wake wa pili kazini, na mpini wa kile chuma ulikuwa umeng'aa kwa kushikwa. Akaichomeka kabari juu ya mlango, akaipiga kwa kiganja, mlango ukaachia nafasi ya kidole, akapitisha chuma. Mara ya kwanza kikakosa kitufe. Mara ya pili kufuli likalia *tak*. Kabari ikachomoka, ikagonga kokoto, ikabingirika chini ya pikapu.

"Shika hivi," alimwambia Twyla, akampa kisanduku cha vidonge. Kisha akapiga magoti, goti moja baada ya jingine, akainamisha kichwa kuitafuta kabari.

Akakaa hivyo muda.

"Mama Pruett?" Hatcher aliita. "Umekwama?"

"Njoo hapa. Lala chini."

"Nimevaa sare mpya."

"Lala chini, Hatcher."

Chini ya pikapu, katikati kabisa ya magurudumu, mahali ambapo mvua haikufika, kulikuwa na makafi mawili yamelazwa sambamba. Kando yake majaketi mawili ya kuvaa majini, yamekunjwa, vifungo vimebanwa. Na boksi la barafu, limesukumwa mpaka nyuma ya gurudumu.

Twyla naye alikuwa ameshalala tumbo kwenye kokoto. "Hilo la njano ni la baba," alisema. "Hilo la njano ni la baba!"

"Basi hawakuzama," Nadine alisema, akajikung'uta magoti. "Jaketi la mtu aliyezama halijikunji."

"Ngoja, ngoja." Hatcher aliinuka na tope kifuani. "Orval anaweza kumtosa mwenzie kule juu, akafika hapa peke yake, akaficha vitu."

"Amtose, halafu amvue jaketi, alikunje, alibane vifungo? Angemwomba kwa adabu gani? Nionyeshe picha ya mtumbwi."

Hatcher akatoa simu. Mtumbwi wa bati, tumbo juu. Kwenye pua yake kamba fupi, na mwisho wa kamba kitawi kirefu cha kijani chenye mizizi.

"Hii kamba imefungwa kwenye nini?"

"Kichaka, sijui. Mimi polisi, si mtunza bustani."

"Mche wa kando ya maji. Umeng'oka na mizizi yake. Na fundo limekazwa mara mbili." Nadine akatembea mpaka ukingoni, wakamfuata. Akaonyesha shimo dogo kwenye udongo laini, maji yanaingia na kutoka. "Walifika. Wakaupandisha mtumbwi nchi kavu, wakaugeuza tumbo juu ili mvua isiujaze, kama anavyofanya kila mtu mwenye akili, wakaufunga hapa. Usiku mto ukapanda, ukang'oa mche, ukachukua mtumbwi. Mtumbwi umesafiri peke yake, mwanangu. Wenyewe hawakuwamo."

"Sasa kwa nini waweke vitu chini ya pikapu? Si wangeweka ndani?"

"Hilo ndilo swali la kwanza zuri uliloniuliza leo." Nadine akainua kile chuma. "Unajua kwa nini mpini huu unang'aa? Kila kiangazi nafungua magari kama thelathini. Ugonjwa ni mmoja. Mtu anafika Sims na suruali kavu. Hataki ilowe. Anaivua, anavaa kaptula, suruali anaiacha kwenye gari la juu. Anashuka mto siku nzima anaimba. Anafika hapa, anasimama kando ya gari lake mwenyewe, anajipapasa makalio. Funguo ziko kwenye suruali. Suruali iko maili kumi na moja nyuma yake."

Otis alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mimi iliwahi kunipata, nikiwa na mke wangu wa kwanza. Ndiyo sababu ni wa kwanza."

"Na jana hapakuwa na mtu hapa wa kuwapa lifti," Nadine aliendelea. "Tangazo la mvua lilitoka saa tisa. Mimi nilikuwa kambini nahamisha mahema ya bondeni. Ufuko mzima mtupu, simu hazishiki. Twyla, baba yako anaweza kutembea maili mbili na nusu?"

"Akisukumwa."

"Na Orval anajua kusukuma?"

"Hajui kingine."

Kwa barabara, kutoka Goforth mpaka Sims ni kuzunguka sana. Kwa mto ni maili kumi na moja, kwa sababu mto unajikunja kama mkia wa mbwa aliyelala. Lakini kwa miguu, ukikata shingo ya kilima, ni njia moja nyembamba tu, na njia hiyo ilianzia pale pale, nyuma ya vyoo. Mwanzoni mwake kulikuwa na nguzo yenye kisanduku cha mbao, na ndani yake daftari na penseli iliyofungwa kwa uzi. Kila anayeingia njia huandika jina na saa. Wengi hawaandiki. Wengine huandika matusi.

Nadine alifunua kifuniko, akapekua mpaka ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Akasoma mara moja kimya, kisha akamwachia Twyla asome kwa sauti.

"'Orval na Leland Maddox. Jumamosi, saa kumi na dakika hamsini jioni. Tunakwenda Sims kwa miguu kufuata funguo. Kosa si langu. Orval.'" Twyla akakunja uso, akasogeza daftari karibu. "Na chini yake kuna mwandiko wa baba. 'Ni lake.'"

Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akajifuta kwa mkono wa sweta. "Wako hai! Wapumbavu wakubwa wale, wako hai!"

"Walikuwa hai jana saa kumi na dakika hamsini," Nadine alisema. Hakutaka kumpa furaha ambayo angelazimika kumnyang'anya. "Sasa tuwafuate. Leland anatembea taratibu, mvua inanyesha, kilima kinapanda. Tuseme masaa mawili. Saa moja ya jioni wako Sims. Wanaingia kwenye gari, ndiyo maana gari halipo. Kutoka Sims kurudi huku kuna barabara ngapi, Hatcher?"

"Mbili. Ya lami na ya kokoto."

"Ya lami umeipita?"

"Yote, leo asubuhi. Hakuna gari mtaroni. Na hospitali nimepiga, hawakupokea mzee yeyote."

"Na ya kokoto?"

"Ile imefungwa. Kijito cha Bee kilifurika. Nimeifunga mwenyewe jana."

"Saa ngapi?"

Hatcher akafungua daftari, akajivuna kidogo, maana hili alikuwa ameliandika. "Upande wa Sims, saa moja na dakika ishirini jioni. Nikazunguka kwa lami, nikaja kuweka kizuizi upande huu saa mbili kamili."

"Uliingia ndani kuangalia kama kuna mtu katikati?"

Hatcher akafunga daftari.

"Maji yalikuwa juu ya zege la kivuko," alisema.

"Pande zote mbili?"

"Pande zote mbili."

Otis akapiga mluzi mrefu wa kushuka. "Kijana umewafungia kama kuku."

"Mimi sikuwafungia, maji—"

"Ingia kwenye gari lako, utufuate," Nadine alisema. "Twyla, panda kwangu. Otis, baki hapa na redio."

Barabara ya kokoto ilikatwa na kijito kile kile mara mbili, juu kidogo na chini kidogo, na kila mahali pana kivuko cha zege kilicho chini sana. Siku ya kawaida maji hupita kwenye mabomba chini yake, siku ya mvua hupita juu. Mtoto wa huku hufundishwa kabla ya kujua kusoma: maji yakiwa juu ya barabara, geuza. Nadine aliendesha huku akiwaona wale wazee kichwani kama kwenye ramani. Wamevuka kivuko cha Sims kikiwa kikavu. Wamefika cha pili, maji juu. Wamegeuza, kama walivyofundishwa. Wamerudi cha kwanza, maji juu.

Hatcher alishuka akakiondoa kizuizi chake mwenyewe bila kumtazama mtu. Robo maili mbele, nyuma ya kona, barabara ikaingia kwenye maji.

Ng'ambo, juu kwenye mwinuko, lilisimama gari la kahawia limeegeshwa vizuri, matairi makavu. Mzee mrefu mwenye kaptula alikuwa amesimama mbele yake anapunga kofia.

"Mmechelewa!" aliwapigia kelele. "Tumemaliza biskuti tangu jana!"

"Baba mkubwa!" Twyla alikuwa ameshafika ukingoni, Nadine amemkamata sweta. "Baba yuko wapi?"

"Yumo ndani! Amekataa kusema na mimi!"

"Amekataa au hawezi?" Nadine aliuliza kwa sauti kubwa.

Orval akashusha kofia.

"Tangu alfajiri hawezi sana," alisema. "Anahema kwa juu juu. Nimemlaza kiti. Nilitaka kuvuka, akaniambia nikivuka atashuka anifuate."

Mlango wa gari ulikuwa wazi. Ndani mkono mmoja uliinuka, ukatikisika kidogo, ukashuka. Saa ya Nadine ilisema mbili na dakika ishirini.

Hatcher alikuwa anavua buti. "Yanafika gotini tu. Navuka."

"Vaa buti zako. Maji ya goti yanabeba gari, wewe yatakubeba na kukuimbia."

Nadine alitoa mfuko wa kamba ya kuokolea, akajipanga, akarusha. Ukaanguka mita nne kabla ya ng'ambo, mkondo ukaupeleka kando. Akauvuta. Akarusha tena. Mita tano. Mara ya tatu bega likamlia na mfuko ukaanguka karibu zaidi nao kuliko na Orval. Kijito kilikuwa kimejitanua mno, na kamba ilikuwa imeisha.

Twyla alikuwa hayupo tena kando yake. Alikuwa nyuma, kwenye buti ya gari la Hatcher, anararua plastiki.

"We dada! Huo ni ushahidi!"

"Ushahidi wa nini, Hatcher?" Nadine alisema. "Marehemu yuko pale amekaa kwenye gari. Mpe na mfuko mmoja mtupu, usiopitisha maji."

Twyla alikuja na fimbo ndefu ya baba yake. Akatia kisanduku cha vidonge kwenye mfuko wa ushahidi, akaukunja, akaufunga kwenye mshipi pamoja na risasi ya kuzamishia. Fundo la kwanza akalifungua, akalifunga upya.

"Nirushe wapi, baba," alijisemea, "niambie, baba, nirushe wapi..."

Akarusha. Mfuko ukaingia majini, mkondo ukauzungusha. Akauvuta haraka haraka. Akarusha tena, safari hii juu sana, mshipi ukagusa jani la mti uliolalia kijito, ukateleza, ukarudi. Akatembea hatua tatu kulia, akapanda juu ya jiwe. Akaipeleka fimbo nyuma mpaka ikagusa kofia ya Nadine.

Mara ya tatu mfuko uliruka juu ya kijito chote, ukampiga Orval kwenye kiatu.

Orval aliukanyaga mshipi kama anakanyaga nyoka. Akainama, akakata, akakimbia kwenye gari. Mzee wa miaka sabini na minne, mwenye kaptula, anakimbia. Wakamwona anaingiza kichwa ndani, anashika shingo ya mdogo wake kwa mkono mmoja na chupa ya maji kwa mwingine.

Walisubiri. Hatcher alisahau donati yake ya pili mkononi. Nadine alizungumza na Otis kwenye redio, akamwambia aite gari la wagonjwa lije upande huu na moja upande wa Sims, kijito kinashuka, labda lisaa limoja. Alipomaliza akatazama zege. Jiwe ambalo Twyla alipanda lilikuwa limezungukwa na maji walipofika. Sasa lilikuwa na mchanga mbele yake.

Dakika kumi na tano zikapita. Kisha mguu ukatoka kwenye gari, na mwingine. Mzee mfupi, kijivu usoni lakini wima, akasimama akishikilia mlango.

"Twyla!" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilivuka. "Ile ya pili... umeachia mapema mno!"

Twyla aliketi chini kwenye kokoto, fimbo mapajani, akalia kwa sauti kama mtoto. Hatcher alimpa donati, hakujua cha kufanya kingine. Akaipokea akaila, huku analia.

"Afande!" Orval aliita. "Wewe ndiye mpelelezi, mwambie huyu! Funguo kaacha nani?"

"Leland!" Nadine aliita. "Suruali yako kavu iko wapi?"

Leland akatazama angani. Orval akapiga paja, akacheka mpaka akalazimika kuegemea gari.

"Na wewe Orval," Nadine aliendelea, "nani alimwambia aivue?"

Kicheko kikakatika.

"Alisema italowa!" Leland aliita, na sasa sauti ilikuwa imeshapata nyama. "'Iache humu kwangu, itakuwa salama.' Maneno yake hayo!"

"Nilisema suruali! Sikusema funguo!"

"Sasa funguo zinakaa wapi, masikioni?"

Waliendelea hivyo mpaka gari la wagonjwa likafika, na mpaka maji yakashuka chini ya zege, na Leland alipimwa moyo huku anabisha. Mhudumu alisema moyo wake una hasira lakini unakwenda vizuri.

Saa sita mchana, Nadine alirudi Goforth kuchukua kabari yake chini ya pikapu. Wageni wa Jumapili walikuwa wameanza kufika na mahema na mbwa wao. Kabla ya kuondoka alipita nyuma ya vyoo, akafungua kisanduku cha mbao kwenye mwanzo wa njia. Kanuni ya daftari lile ni moja: aliyetoka njiani aandike ametoka. Orval na Leland hawakuwa wameandika.

Akaishika penseli. Chini ya "Kosa si langu," chini ya "Ni lake," akaandika kwa mwandiko wake wa ripoti:

*Wametoka salama wote wawili. Kosa ni la wote wawili. N. Pruett.*

Akaandika na saa, akafunga kifuniko, akaenda kumfungulia mlango mtu wa kwanza wa siku, aliyesimama kando ya gari jekundu akijipapasa makalio.